Koikoi wa Jiwe Kwenye Kivuko cha Mwegere

Zamani, wakati kila kitu kizuri cha kutazamwa kilikuwa na mwenyewe na mlango wake, koikoi hakuwa akitoka majini. Wengi humwita korongo, lakini korongo ni ndege mwingine, mkubwa zaidi. Koikoi ni yule wa kijivu, mwenye shingo iliyopinda na mdomo uliochongoka. Alikula majini, akalala majini, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona miguu yake yote.

Kando ya mto Mwegere aliishi mjane aliyeitwa Namkunde, mchonga mawe ya kusagia. Mawe yake aliyatoa kwenye kilima cha Mbwego, ambacho kilikuwa chini ya Jumbe Makihiyo. Siku moja Jumbe alimwagiza amchongee koikoi wa jiwe, wa kuwekwa ndani ya ua wake, wageni wake wateule wapate kumtazama.

"Asipungukiwe kitu, hata ukucha," alisema Jumbe. "Ukikosea, kilima nitampa mchongaji mwingine."

Namkunde hakujua kazi nyingine. Alichonga mdomo, shingo na mbawa bila taabu, kwa kuwa hivyo alikuwa akiviona kila siku. Alipofika miguuni alikisia, akaweka magoti yanayopinda mbele, kama ya mtu. Wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji wakasimama kutazama.

"Shangazi Namkunde," akasema mmoja wao, Semeni, "huyo ndege wako anampigia nani magoti?"

Wakacheka. Namkunde naye akacheka, lakini kicheko chake kilikauka upesi. Kesho yake asubuhi aliteremka mtoni, akamkuta koikoi amesimama kwenye matete.

"Bwana Koikoi, naomba unionyeshe mguu."

"Siwezi, mama," koikoi akajibu bila kugeuza kichwa. "Samaki wanadhani miguu yangu ni matete. Siku wakijua ni miguu, nitakufa njaa."

"Na wakizoea miguu kama yako, ya jiwe, isiyowadhuru?"

Koikoi alifikiri mpaka jua likapanda. "Basi jiwe lako likae hapa kivukoni, si uani kwa mtu. Na kila anayetaka kuliona, wa majini na wa nchi kavu, aliendee bila kuomba ruhusa."

Namkunde alikubali. Ndipo koikoi akainua mguu mmoja. Namkunde akaona kwamba kile alichokidhania goti hupinda kwa nyuma, na kwamba vidole ni vinne, vitatu mbele na kimoja nyuma, virefu kuliko alivyowaza. Akavipima kwa ukindu, akarudi kuanza upya na jiwe jingine.

Sasa alikuwa ametoa ahadi mbili zisizoweza kukaa pamoja.

Siku ya kumpeleka ndege ilipofika, wanaume wanane walimbeba kwa miti. Njia ya kwenda kwa Jumbe ilipita kivukoni. Walipofika katikati ya maji Namkunde akasema, "Mtueni hapa, mpumzike." Wakamtua. Vidole vya jiwe vikajipenyeza kati ya mawe ya chini ya mto, vikabana. Walipojaribu kumwinua tena, hakutikisika.

"Mama, wewe ulijua," akasema mmoja wa wabebaji.

"Nilijua."

Jumbe akaitwa, akaja hadi ukingoni. "Ndege wangu amekwama mtoni, na miguu yake siioni. Nitajuaje kama hukukosea?"

"Vua viatu, Jumbe, uingie. Utaona kwa mkono."

Hakuna aliyewahi kumwambia Jumbe avue viatu. Lakini Jumbe akavua makubazi yake, akakunja nguo, akaingia, akainama mpaka maji yakamfika begani. Alipapasa kidole kimoja kimoja. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko unaohitajika kuhesabu vidole vinne.

"Na kucha umeziweka," akasema. Akahamia mguu wa pili.

Alipotoka, mkono ukimtiririka maji, alimwambia Namkunde, "Kilima endelea nacho." Akaenda zake makubazi mkononi.

Na tangu siku hiyo koikoi wa jiwe hana ua wala mlinzi. Samaki wameizoea miguu yake, ndiyo maana hawamkimbii koikoi wa kweli anaposimama kimya kati yao. Naye koikoi, akiona mtu amesimama kumtazama, huinua mguu mmoja akaukunja, wala haushushi upesi. Wageni huvua viatu, huingia, huinama na kuhesabu. Lakini perege wadogo wamefanya makao kati ya vidole vile, nao huwadonoa, na mtu huchomoa mkono kabla hajamaliza. Kwa hiyo ukiwauliza waliokwenda, mmoja atakwambia vidole ni vitatu, mwingine vitano, na wote wawili watataka kurudi kuhakikisha.