Saini ya Kwanza ya Binti

Waumini wenzangu, tulieni kidogo, nami nitawapigia mfano.

Alikuwako baba mmoja, na binti yake wa miaka kumi na mitano alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni. Baba akaazimia kumfungulia akaunti ya benki, ya ada na matumizi. Hakuwa mtu wa pupa. Alizunguka benki mbili, na kote aliuliza swali lile lile: "Akaunti hii ina riba?"

Karani wa benki ya pili alicheka. "Mzee, riba yenyewe kwa mwaka hata peremende hainunui!"

"Hata peremende ya haramu huozesha meno," akajibu baba, akamshika binti mkono wakatoka. "Maisha ya mwanangu hayataanza na senti chafu."

Je, ndugu zangu, huyo si baba mwema? Nani kati yetu asingependa kusifiwa hivyo?

Benki ya tatu ilikuwa na akaunti ya vijana isiyo na riba. Wakaketi mbele ya karani mtu mzima mwenye miwani. Fomu ikajazwa, picha zikabandikwa. "Haya, binti," akasema karani, "weka saini yako hapa. Chagua iliyo nzuri, maana utaishi nayo."

Binti akashika kalamu. Mkono ule mchanga, mkono wa kuruka kamba, ulipogusa karatasi ukaanza kutetemeka. Ukatetemeka kama mkono wa mtu wa miaka themanini. Herufi zikatoka moja moja, zimeinama, na ya mwisho ikaburuta mkia mrefu hadi nje ya kisanduku.

Ulikuwa mchana, na ukumbi umejaa watu. Hata hivyo baba alihisi baridi shingoni, kana kwamba kuna aliyesimama nyuma yake.

Karani akavua miwani. "Saini hii naijua. Ni ya mzee mmoja mstaafu, mteja wetu. Hajambo mzee? Siku nyingi simwoni."

Baba akamwinamia binti, akanong'ona, "Weka nyingine, mwanangu. Weka yako."

Binti akajaribu. Mkono ukatetemeka, ikatoka ile ile. Akajaribu mara ya tatu huku machozi yakimlengalenga, ikatoka ile ile.

"Baba, sina nyingine. Mkono haukubali."

"Mzee mwenye saini hii ni nani wako?" akauliza karani, kwa upole.

"Ni babu yangu. Tulimzika. Mwaka wa nne sasa."

Karani akaitazama saini, akamtazama baba, akainuka na ile fomu kwenda kwa meneja. Akaunti haikufunguliwa.

Mmekwisha kufahamu, ndugu zangu. Babu alipofariki, baba hakupeleka taarifa. Kila baada ya miezi sita ilikuja fomu ya kuthibitisha kwamba mstaafu yu hai, apate kulipwa pensheni yake. Baba akaiweka mezani mbele ya mtoto wa miaka kumi na mmoja: "Mkono wako mwepesi, mwanangu. Mwigie babu, hivyo hivyo alivyokuwa akitetemeka." Mtoto akatii. Na fedha zilizokuwa mfukoni mwa baba asubuhi ile, za kufungulia akaunti isiyo na riba, zilikuwa za marehemu huyo.

Nasi je? Tunasimama kwenye kaunta za watu tukiuliza halali na haramu kwa sauti, nao wanatuheshimu. Mezani petu nani anatuuliza? Tumefundishwa kwamba iko siku midomo itafungwa na mikono itasema. Baba yule alidhani siku hiyo iko mbali. Ilikuwa imeketi kando yake, imevaa sare ya shule.

Basi ukirudi nyumbani leo, mpe mwanao karatasi tupu na kalamu, umwambie aandike jina lake. Usimsemeshe. Utazame tu mkono.