Mbuzi wa Veri Faini

Asiyeuliza hulipia sifa. Mmemsikia shangazi yenu akimrushia mwenzenu Elinihaki methali hiyo, mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza imetoka wapi. Ilizaliwa hapa hapa Upare, kwenye matuta yale mnayoyaruka mkienda mtoni, na mzazi wake ni neno moja tu la Kiingereza. Mkinikatiza nitaongeza chumvi. Mkinyamaza, nitaongeza kidogo tu.

Zama za Mwingereza ilitolewa amri kila shamba la mlimani likatwe matuta, udongo usisombwe na mvua. Asiyekata alitozwa faini. Watu hawakujua Kiingereza, ila neno hilo walilijua kama wanavyojua kikohozi. Likitajwa tu, kuku walijificha wenyewe.

Bibi Namkunda alikata matuta yake peke yake, mgongoni amebeba kichanga, mtoto wa binti yake aliyefariki kwa uzazi. Kichanga kile kiliishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja, jina lake Kidevu. Bila Kidevu, mtoto hakuna.

Siku ya ukaguzi akaja Bwana Shamba, Mwingereza mgeni, mrefu, pua imebabuka kwa jua. Mkalimani wake alibaki bondeni akiugulia tumbo, maana alikaribishwa makande kila nyumba na hakuikosea adabu hata moja. Bwana Shamba akapanda tuta la chini, akapanda la juu, akatazama huku na huku, akapaza sauti: "Faini! Veri faini!"

Watu wakashika vichwa.

"Umesikia mwenyewe, mama," akasema Jumbe Mbonea, aliyependa kujifanya anajua Kizungu. "Faini. Na hiyo veri maana yake usicheleweshe."

"Kwa kosa gani, Jumbe? Matuta si haya?"

"Faini haiulizwi, mama. Hulipwa."

Bibi hakuwa na kingine cha thamani. Akamleta Kidevu, akamkabidhi Bwana Shamba kamba mkononi. Yule bwana akadhani anaonyeshwa mifugo. Akamkuna mbuzi sikio, akatabasamu. "Faini!"

"Unaona?" Jumbe akanong'ona. "Mmoja hatoshi."

Bibi akaleta jogoo. "Faini!" Akaleta kibuyu cha asali. Bwana Shamba akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. "Ooo! Veri, veri faini!"

"Mama yangu," Jumbe akasema, "hapo sasa uza na nyumba."

Mara kichanga mgongoni kikaamka na njaa, kikalia. Kidevu akakijibu pale pale: mee! Bibi Namkunda akashindwa kuvumilia. Akampita Jumbe, akasimama mbele ya yule mrefu, machozi yakimtiririka.

"Bwana, kosa langu nini?"

Kiswahili cha Bwana Shamba kilikuwa cha kujaza kiganja tu. "Kosa? Hapana kosa. Shamba mzuri. Mzuri sana!"

"Na faini je?"

"Faini ni... mzuri! Mimi nasema mzuri!"

Kisha akaitazama kamba mkononi mwake, akamtazama jogoo, akamtazama mtoto anayelia. Akaelewa. Uso mzima ukafanana na pua. Akavua kofia, akamrudishia bibi kamba kwa mikono miwili.

"Jumbe," mtu akauliza, "ile veri ulisema maana yake nini?" Jumbe alikuwa tayari yuko njiani. Alikumbuka ana shughuli nyumbani.

Bibi akacheka huku akilia. Jogoo akamchukua, asali akamwachia mgeni. "Hii si ya faini," akasema. "Hii ya asante."

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja alinieleza kwamba faini zile mbili ni ndugu. Babu yao ni neno la Kilatini lenye maana ya mwisho: moja ni malipo ya kumaliza kesi, nyingine ni kazi iliyofikishwa mwisho ikakamilika. Basi Jumbe alishika ukoo sahihi, ila akambishia hodi ndugu asiyehusika.

Mnauliza kichanga kilipona? Kimeota mvi, kimestaafu, na sasa hivi kinawachosha kwa maneno. Kila nikinywa chai ya maziwa namkumbuka bibi yangu. Siku ile sifa nusura ilipiwe kwa uhai wangu. Asante, bibi, kwa kufungua kinywa.

Asiyeuliza hulipia sifa.