Mwaka wa Fukuto

Paukwa!
Pakawa!
Pakaondoka moshi!
Ukakosa pa kutua!

Basi, hapo kale, karibu na nyota ya mbali iitwayo Tanuri, palikuwa na zimwi jina lake Fukuto. Alikuwa mkubwa kuliko nchi zote, lakini hakuwa na mfupa hata mmoja. Mwili wake wote ulikuwa moshi na mvuke wa moto. Aliizunguka Tanuri karibu karibu, uso ukiungua, mgongo ukiwa gizani, wala hakujua kukaa kitako.

Mbali na moto ule ilikuwapo nchi ya Sirambi. Huko aliishi Mashavu, mjane mwenye binti mmoja tu, Mwanate.

Siku moja Fukuto akaja Sirambi. Visima vikatokota, mtama ukanyauka shambani. Akasema, "Nipeni msichana mmoja kila mwaka, asiyetimiza miaka ishirini. Wakubwa nyama yao hunikwama. Mkinipa, sitawaunguza. Nikivunja masharti, Tanuri inimeze."

Jumbe Mwinyimvua akajibu, "Tumekubali." Kisha akawanong'oneza watu, "Mwaka ni mrefu, tutapata njia."

Fukuto akammeza msichana wa kwanza, akaenda zake.

Hazikupita siku nne. "Mwaka umekwisha. Nipeni changu." Jumbe akababaika, akatoa wa pili.

Hazikupita siku nne. "Mwaka umekwisha. Nipeni changu." Akatoa wa tatu.

Tangu hapo Mashavu hakulala. Akiketi, huinuka, akiinuka, huketi, akishika chungu, hukisahau mkononi.

Hazikupita siku nne. "Mwaka umekwisha. Nipeni changu."

Jumbe akaja mlangoni. "Mama Mwanate, zamu imekufikia. Tufanyeje?"

"Ulimuuliza mwaka ni nini?"

"Mwaka nani asiyeujua?"

"Basi ninyi wawili mnajua vitu viwili."

Mashavu akatoka nje. "Bwana Fukuto, kwenu mwaka ni nini?"

"Kuizunguka Tanuri mara moja. Fanya haraka, mama, mimi sisimami."

"Mwaka wako hauvuki siku nne. Kwa mwaka huo mwanangu ana miaka zaidi ya elfu. Hatakukwama?"

Fukuto akatokota. "Basi mhesabu kwa mwaka wenu."

"Kwa mwaka wetu umekuja kabla ya wakati. Rudi ukangoje."

Akageuka huku, akageuka huku. "Bibi, una maneno wewe."

"Na wale watatu? Kwa mwaka wako ni wakongwe. Uwatapike, ama tuiite Tanuri tuiulize."

Aliposikia Tanuri, Fukuto akakohoa. Akatoka wa kwanza, akatoka wa pili, akatoka wa tatu, masizi yamejaa nyweleni, wakiomba maji. Zimwi akakimbilia kwao, moshi ukimfuata nyuma.

Jumbe akasema, "Mashavu, mbona hukusema mapema?"

"Mapema ulikuwa ukisema wewe."

Mwanate alilala. Mama yake hakulala. Siku ya nne alikaa mlangoni akinusa upepo, mpaka alipohisi ni wa baridi, akajua Fukuto harudi. Ndipo akaingia ndani, akajinyoosha.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami naiacha hapo. Mafunzo yake ni haya: kabla ya kupatana na mtu, ulizaneni kwanza maana ya maneno.