Digidigi Agombea Ulezi wa Wanyonge

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Mnasikia? Usiku wa manane, kitu kinakwaruza ukuta. Sogeeni basi, wadogo kwa wakubwa, mlango ufungwe. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya chuo cha wanyama, hapo zamani za kale, wanyama wote walipokuwa wakisoma ndani ya boma moja la miiba. Sheria ilikuwa moja: ndani ya boma, hakuna kumla mwenzako. Nje ya boma, kila mtu na meno yake.

Aliyekwaruza ni Kicheche. Wenzake walikuwa wakimlaza nyuma ya choo kwa sababu ya harufu yake. Alikuwa akikwaruza ukuta wa bweni, pale alipolala Digidigi na mtoto wake anyonyaye.

"Dada Digidigi, umelala?"

"Nilale vipi, mdogo wangu? Mtoto huyu hajaandikishwa. Wanasema mlezi mpya wa wanyonge, huyo atakayepigiwa kura, ndiye ataamua, abaki au atolewe nje."

"Basi gombea wewe! Sisi wenye harufu, wenye magamba, nani mwingine atatutetea? Kura yangu unayo."

Akaja Kakakuona: kura yangu unayo. Akaja Popo: kura yangu unayo. Wote gizani, wote kwa kunong'ona. Digidigi akaamini, masikini, angefanyaje, mama akiambiwa kuna upenyo wa kumpitisha mwanawe anaamini tu, hata haulizi.

Akagombea. Mpinzani wake, Fisi.

"Mimi nawapenda wadogo," Fisi akahutubia, mate yanamtiririka. "Nawapenda asubuhi, nawapenda mchana, nawapenda hata wamelala!"

"Na wakiwa wameiva je?" Sungura akadakia.

Wanyama wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Fisi akamtazama Sungura. Sungura akakohoa, akarudi nyuma.

"Na huyu mwenye miguu kama njiti za kiberiti," Fisi akasema, "atamlinda nani?"

Kura za chuo kile zilikuwa za mlolongo. Mgombea husimama ameelekea miiba, na anayemtaka hupanga mstari nyuma yake. Mwiko ni huu: mgombea hageuki mpaka ngoma ilie.

Digidigi akasimama, mtoto miguuni. Akasikia nyayo. Tapa, tapa, tapa. Nyingi! Zinakuja, zinapita karibu na mkia wake, moyo unamwenda mbio, anasema mwanangu utalala ndani, utalala ndani, utalala ndani.

Ndu! Ngoma ikalia. Akageuka.

Nyuma yake palikuwa na vumbi tu.

Mstari wote ulikuwa kwa Fisi. Kakakuona amejikunja, uso hauonekani. Popo amejifunika mbawa. Kicheche yuko mwisho, anatazama chini. Na kando yao ndugu zake Fisi wameketi, wanakagua uso mmoja mmoja.

"Asanteni, wapendwa," Fisi akasema. "Kazi yangu ya kwanza: mtoto asiyeandikishwa atoke nje kabla jua halijatua. Ni kwa ustawi wetu sote."



Digidigi akambeba mwanawe, akaenda nyuma ya choo.

"Ulisema kura yako ninayo," akamwambia Kicheche.

"Walikuwa wanatuangalia, dada."

"Najua. Sikuja kugombana. Harufu yako inaziba pua ya Fisi. Nifichie mtoto."

Kicheche akafukua shimo, fuku, fuku, fuku. Digidigi akamnyonyesha mwanawe, akamlamba masikio, akamsukuma ndani. Angemwachia nani mwingine? Nje kuna meno, ndani kuna Fisi, na katikati yupo rafiki aliyekwisha kumkana.

Wanangu, na nyinyi wakubwa mnaosikiliza, shikeni hili: ahadi iliyotolewa gizani haina miguu ya kusimama juani, na mnyonge akimkana mnyonge mwenzake, Fisi hana haja ya kuwinda.

Hadithi yangu imekomea hapo, mdomoni mwa shimo, Digidigi ameshika tama, Kicheche anaangaza huku, anaangaza kule, kisha ananong'ona: "Sitamwambia mtu mwingine, dada... yaani, sitamwambia mtu yeyote."