Sheria ya Fisi na Mfupa wa Paja

Nawaletea uongo!

*Ulete tuutafune!*

Una mfupa ndani!

*Meno tunayo!*

Haya, kaeni vizuri. Na wewe Mwanahawa, usicheke kabla sijaanza.

Kijiji kimoja kilikuwa na mbuzi wengi, na zizi lao lililindwa na Mbwa Tayapana na ndugu zake. Mwenyekiti wa kijiji hicho alikuwa Fisi. Msiniulize nani alimpigia kura. Waliompigia ni mbuzi.

Fisi alijaribu kuingia zizini, akang'atwa. Akajaribu tena, akang'atwa tena. Akakaa, akawaza, akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," akasema, "mbwa wenye taya pana ni hatari kwa usalama wetu. Kuanzia leo ni sheria: wote wahasiwe. Siku ni Ijumaa."

Kuhasiwa ndiyo nini? Muulizeni maksai wa babu yenu, kama ana la kusema.

Mbwa Tayapana alilia sana. Alikuwa anaoa Jumamosi. Posa imepokelewa, na majina ya watoto saba alikuwa ameshayachagua. Kama watoto hao wasingezaliwa, Fisi angesubiri tu walinzi wazeeke, kisha zizi lote liwe lake.

Karani wa mkutano alikuwa Nguchiro, mdogo kuliko mkia wa Mbwa. Akanyanyua kalamu.

"Mwenyekiti, taya pana tutazipimaje? Bwana Mifugo asije akahasi asiyehusika. Mimi naona tuweke mfupa wa paja la ng'ombe. Atakayeuvunja kwa kung'ata mara moja, ndiye."

"Vizuri sana. Andika."

"Niandike 'mbwa atakayeuvunja'?"

"Andika 'yeyote'! Mbwa ni wajanja hao, kesho watajiita mbweha. Na uandike hivi: atakayesema yeye si mbwa, asisikilizwe."

"A-si-si-ki-li-zwe," Nguchiro akaandika. "Sheria safi kabisa, Mwenyekiti. Tia dole gumba hapa."

Fisi akatia dole gumba, pa!

Mkutano ulipokwisha, Nguchiro akawanong'oneza mbwa maneno mawili: "Lambeni tu."

Ijumaa ikafika. Bwana Mifugo, mzee Kima, akaja na koleo lake. Mfupa ukawekwa katikati, umenona, uroto unachungulia.

Mbwa wa kwanza akauendea mfupa. Lamba, lamba, lamba. Akarudi kukaa. Fisi akameza mate: gudu!

Mbwa wa pili akauendea mfupa. Lamba, lamba, lamba. Akarudi kukaa. Fisi akameza mate: gudu, gudu!

Mbwa Tayapana naye akauendea mfupa. Lamba, lamba, lamba. Akafuta mdomo, akarudi kukaa. Fisi akameza mate: gudu, gudu, gudu!

"Mnauharibu!" Fisi akapiga kelele. "Mfupa hauliwi hivyo, nyie! Mfupa huliwa hivi!"

NGWACHA!

Mfupa ukawa vipande viwili. Hata nzi wakatua.

"Kwa kung'ata mara moja," akasoma Nguchiro.

"Lakini mimi si mbwa!"

Nguchiro akafunua ukurasa wa pili. "'Atakayesema yeye si mbwa...'"

Mbuzi wote wakaitikia: "Asisikilizweee!"

Mzee Kima alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Akakagua dole gumba, akaliona ni halali. Koleo likasema: kwach!

Jumamosi harusi ikafanyika. Fisi alialikwa kwa heshima zote, lakini alituma salamu kwamba kukaa kitako bado kunamsumbua. Mbwa Tayapana na mkewe wakapata watoto wao saba. Yule wa saba wakambadilishia jina, wakamwita Mwenyekiti.

Funzo, wanangu: kiongozi mwema hutangulia kutii sheria yake mwenyewe. Fisi alitangulia, na hakuna aliyemfuata. Basi mheshimuni. Na mfupa ulambwe taratibu, ni vizuri kwa meno.

Uongo wangu umekwisha!

*Tumeutafuna!*

Masalio wapeni mbwa.