Pimbi, Nyati na Kamba Isiyo na Fundo

Paukwa!
– Pakawa!
Palikuwa na nini?
– Palikuwa na kitu!
Kilishikwa na nani?
– Kilishikwa na ajuaye kushika!

Haya, kaeni. Na wewe shemeji Mkumbo, usiguse katani yangu, mikono yako imejaa mafuta ya maandazi. Katani ikipata mafuta haisokoteki, nyuzi zinatelezana tu. Mtu mzima wa kuambiwa kila siku!

Zamani, wanyama walipokuwa wanalima, palikuwa na Pimbi. Pimbi si mkubwa. Ukimwona mwambani utadhani sungura aliyekatwa masikio. Aliishi juu ya mwamba na watoto wake watano, na chini ya mwamba alilima kunde. Mwaka huo mvua ilikuwa ya kubahatisha. Bonde zima lilikauka, shamba la Pimbi peke yake likatoa. Kunde zile ndizo zilikuwa za kuwavusha kiangazi. Zikiliwa, watoto hawavuki. Siongezi chumvi.

Basi akaja Nyati. Gudu! Gudu! Gudu! Pembe huku, pembe kule, na tumbo katikati. Akala mstari wa kwanza, majani na maganda yake. Kesho yake, gudu, gudu, gudu, akala mstari wa pili. Pimbi akateremka.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba, kajitu."

"Bwana Nyati, hizo kunde ni za watoto."

"Mwenye shamba ni nani?"

"Ni mimi niliyelima."

"Mwenye shamba ni mwenye nguvu," akasema Nyati, huku anatafuna. "Nivute unitoe. Ukiweza, nitatoka."

Akacheka ho ho ho, akaenda kulala.

Pimbi akarudi juu, akawaambia watoto, "Fungeni mizigo. Tunahama." Walikuwa na mizigo gani? Vyungu viwili, mkeka, na jiwe la kusagia. Sasa jiwe la kusagia utalishushaje mwambani? Pimbi akalifunga kamba, akaanza kuliteremsha polepole.

Lo! Jiwe lilikuwa zito kuliko yeye. Srrrrr! Kamba ikakimbia, na Pimbi nyuma yake, anaburutwa kuelekea kwenye genge. Pembeni palikuwa na kisiki. Kwa hofu tu, Pimbi akakizunguka mbio mara moja, akakizunguka mara ya pili, ncha ya kamba mkononi.

Kimya.

Akafumbua macho. Jiwe linaning'inia hewani. Na yeye Pimbi amelishika kwa vidole viwili.

Mwingine angeshukuru Mungu akaendelea kuhama. Pimbi hakuhama. Akaondoa mzunguko mmoja: jiwe likawa zito, likaanza kumvuta. Akaurudisha: jiwe likawa jepesi. Akaongeza wa tatu: angeweza kulishika huku anasinzia. Akainama, akakitazama kisiki, akaona kamba imekibana na kisiki kimeibana kamba, kila mahali vinapogusana vinasuguana, kila mahali panasaidia kidogo. Hapo ndipo ninapompenda Pimbi. Waliokwenda shule wanaita msuguano. Mimi naita kung'ang'aniana, na nimekula kwa hiyo kazi miaka thelathini. Tazameni hii kamba yangu. Uzi wa katani ni mfupi, hauzidi mkono. Nani ameziunga nyuzi hizi? Gundi iko wapi? Nimezisokota tu, zinasuguana, zinashikana, na ng'ombe haikati. Nikifikiria, mpaka leo nastaajabu.

"Watoto," akasema Pimbi, "fungueni mizigo."

Asubuhi akamkuta Nyati kwenye mstari wa tatu.

"Bwana Nyati, ulisema nikuvute. Tufanye vuta nikuvute. Korongo yule pale awe mwamuzi, ana shingo ndefu ya kuona pande zote mbili."

Nyati akacheka mpaka kunde zikamtoka puani. "Wewe? Na mimi?"

"Naomba jambo moja tu. Uso wako unanitisha. Niruhusu nisimame nyuma ya ule mgunga, kamba ipitie kwenye mti."

Nyati hakuwa mjinga kabisa. Akafikiri, akasema, "Utafunga fundo kwenye mti, nivute mpaka pumzi iniishie. Nakujua! Sitaki fundo."

"Sitafunga fundo."

"Hata dogo?"

"Hata dogo."

"Korongo, nikikuta fundo, nakula kunde na mwamba naufanya wangu."

Yeye mwenyewe akajifunga kamba shingoni, akaikaza vizuri. Fundo pekee siku ile lilikuwa la Nyati.

Mara ya kwanza Pimbi akaipitisha kamba nyuma ya mgunga, basi, hakuizungusha. Nyati akavuta. Gudu! Kamba srrrr, Pimbi akatokea upande wa pili anabiringika, vumbi mpaka mdomoni. Watoto juu ya mwamba wakalia.

"Hiyo ilikuwa ya kujaribu," akasema Pimbi, anajipangusa. "Tufanye ya kweli."

"Ya kweli utaniwekea nini?"

"Kunde zote. Na mwamba, na pango. Nikishindwa tunaondoka leo hii."

Watoto wakasogea ukingoni mwa mwamba. Hata Korongo akaweka chini ule mguu wake aliokuwa ameukunja.

"Na wewe utaweka nini, Bwana Nyati?"

Nyati alishaona pango, alishaona kivuli, alishajiona amelala. Akasema kwa dharau, "Ukinishikilia mpaka kivuli cha mwamba kiguse kwato zangu, nitalihama bonde hili nisirudi. Mimi na pembe zangu."

"Korongo, umesikia?"

"Nimesikia."

Pimbi akaenda nyuma ya mti. Akauzungushia mgunga kamba mara moja. Akazungusha mara mbili. Akazungusha mara tatu. Kisha akawatazama watoto, akazungusha na ya nne.

Nyati akavuta. Gudu! Kamba ikalia kwiii, ikatulia. Nyati akavuta tena. Gudu! Kamba kwiii, ikatulia.

"Umefunga fundo!"

Korongo akanyoosha shingo, akauzunguka mti, akachungulia juu, akachungulia chini. "Hakuna fundo."

Nyati akachimba ardhi kwa kwato nne. Akavuta mpaka macho yakamtoka. Kamba ikalia kwiii, gome la mgunga likanuka moshi.

"Kuna fundo!"

"Hakuna fundo."

"Kuna mchawi!"

"Kuna mti," akasema Korongo, "na kamba, na Pimbi anakula kunde."

Ndiyo. Pimbi alikaa kitako, ncha ya kamba kwenye vidole viwili, mkono wa pili anamenya maganda. Nyati akivuta kidogo, kamba inaukumbatia mti kidogo. Nyati akivuta sana, inaukumbatia sana. Aliyekuwa anamshika Nyati ni Nyati mwenyewe! Laiti angelegea akanywa maji, akafikiri. Lakini mwenye nguvu akikwama anajua dawa moja tu, naye akaongeza dozi.

Jua likasogea. Kivuli cha mwamba kikatambaa, kikafika kwenye mgunga, kikaupita mgunga, kikagusa ukwato wa Nyati.

"Kimegusa!" akapiga kelele Korongo.

"Bado navuta!" akanguruma Nyati. "Sijashindwa! Navuta!"

"Basi, Bwana Nyati," akasema Pimbi kwa adabu, "chukua kamba yako."

Akaachia vile vidole viwili.

Srrrrrrrr! Mizunguko minne ikafumuka kama haikuwahi kuwepo. Nyati, na nguvu zake zote alizokuwa amezijaza mbele, akaruka pua mbele. Pu! Akabiringika, pu! akavuka mto, pu! akapanda kilima cha pili kwa mgongo, akateremka upande wa pili, kamba inamfuata kama mkia. Korongo anasema alipoamka alikuwa ng'ambo ya bonde. Akaona haya kurudi kuuliza njia.

Pimbi akateka maji, akabandika kunde.

Funzo la hadithi hii, sikilizeni vizuri, na shemeji Mkumbo sikiliza mara mbili: msidharau nguvu! Nguvu ndiyo kila kitu duniani. Siku ile Pimbi alitoa vidole viwili tu. Nguvu nyingine zote zilizomshinda Nyati zilitoka kwa Nyati. Kwa hiyo ukiwa na nguvu nyingi, vuta, wala usifikiri. Sisi wadogo tunakutegemea.

Hadithi imeiva, imepakuliwa. Aliyeshiba anyamaze, asiyeshiba alambe mwiko.