Simba Aliyeuawa kwa Bunduki ya Upepo

Hapo zamani, wakati kila mji wa pwani ulikuwa na sultani wake na kila sultani ana maringo yake, alikuwako katika mji wa Mtangani sultani aitwaye Muhsini bin Athmani. Huyo aliletewa zawadi na nahodha mgeni, nayo ni bunduki ya upepo. Haikutaka baruti wala moto. Ilijazwa upepo kwa kupigwa bomba mara arubaini, kisha ikatema kirisasi kidogo kama punje ya kunde. Ikawa siku tatu Sultani haondoki barazani, anatungua tetere, na kila tetere akianguka mawaziri wanapiga makofi.

Siku ya nne akauliza, "Je, bunduki hii yaweza kumwua simba?"

Waziri wake mkuu, Shangama, akainama. "Maulana, simba ni nini? Kirisasi kitaingia mdomoni kitokee mkiani."

"Mimi naona hata kifaru," akasema waziri wa pili.

"Na ndovu pia," akasema kadhi, "ila asimame vizuri."

Basi mlangoni alikuwa ameketi mshona magunia mmoja, maskini wa kutupwa, jina lake Ngwali. Alikuja kushtaki kwamba simba amehamia karibu na kisima cha mtaa wao, amekwisha kula punda wawili, na siku ya tano sasa wanawake hawathubutu kuteka maji. Aliposikia maneno ya wakubwa, kicheko kikamponyoka.

"Wacheka nini, ewe mtu?" akauliza Sultani.

"Namcheka simba, Maulana. Yuko kule amelala, na wala hana habari kwamba amekwisha kufa."

Sultani akaghadhibika. "Basi nenda wewe ukampe habari! Simba huyo auawe kwa bunduki hii, wala si kwa kitu kingine changu. Nakupa siku saba. Ukirudi huna ngozi yake, ngozi yako wewe ndiyo itakayotandikwa hapa."

"Nimesikia na kutii," akasema Ngwali. "Ila naomba maneno hayo yaandikwe, nisije nikayasahau kwa hofu."

Karani akayaandika, Sultani akatia muhuri.

Ngwali akaenda akapanda mkuyu ulio karibu na kisima, akapiga bomba mara arubaini, akamlenga simba pajani. Simba akajilamba paja, akalala tena. Akapiga bomba mara arubaini nyingine, akampata sikioni. Simba akatikisa sikio kama anayefukuza nzi. Mara ya tatu kirisasi kikamgonga puani, naye simba akainua kichwa kumtazama huyu anayemrushia punje. Wakatazamana. Kisha simba akaja akajinyoosha chini ya mkuyu ule ule, na Ngwali akakaa juu ya tawi kutwa nzima, amekumbatia bunduki, anaomba dua zote alizozijua na nyingine alizozitunga papo hapo.

Simba alipokwenda zake, Ngwali akateremka akakimbia hata kijiji cha bara, kwa wawindaji. Akamkuta mkubwa wao, Mwaringa, ananoa mkuki wenye ubapa mpana kama kiganja. Ngwali akamwonyesha bunduki, akasema, "Niulieni simba wa kisimani, mchukue hii."

Mwaringa akaipima mkononi, akacheka. "Ndugu yangu, hii haimuui hata fisi. Tuifanyie nini?"

Lakini mkewe, Kadzo, alikuwa ametoka shambani, sauti imemkauka kwa kupigia kelele kwelea wanaokula mtama. Akaitwaa bunduki, akapiga bomba, akalenga, na kwelea mmoja akaanguka na wenzake wote wakaruka.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "kamwue huyo simba."

Basi wakaenda watu kumi na mikuki, na siku ya sita Ngwali akaingia barazani na ngozi mabegani.

Mawaziri wakaikunjua. Ubavuni pana tundu la kupita ngumi.

"Hilo hapo!" akapaza sauti Shangama. "Tundu la kirisasi, Maulana!"

"Kirisasi cha punje ya kunde?" akauliza Sultani.

"Upepo, Maulana. Ulipoingia ndani ulitanuka."

Sultani akamgeukia mshona magunia. "Sema kweli. Na bunduki yangu i wapi?"

Ngwali akaitoa karatasi. "Maulana, uliamuru simba auawe kwa bunduki ile. Nami nimewapa wawindaji bunduki, mke wa mkubwa wao alindie mtama na kwelea, wao wakanipa simba aliyekufa. Ameuawa kwa bunduki, wala sikutoa kitu kingine chako. Ama kwa kumpiga nayo, nilimpiga mara tatu, akaamka."

Sultani akaisoma karatasi, akauona muhuri wake. Kisha akaiinua ngozi, akatia jicho kwenye tundu, na upande wa pili akamwona Shangama anatiririka jasho. Akaangua kicheko hata kilemba kikamwanguka.

Akamvisha Ngwali joho lake, akampa ng'ombe wa maziwa, na jioni ile wanawake wakateka maji kisimani. Kwa Shangama akasema, "Wewe ndiwe uijuaye nguvu ya bunduki ile. Nenda kwa mama huyo ukamsaidie kulinda mtama."

Shangama akarudi baada ya mavuno, amekonda, amebabuka kwa jua. Sultani akamwuliza mbele ya watu wote, "Haya, Waziri, bunduki ile yaua nini?"

Shangama akafikiri sana.

"Maulana," akasema, "kwa kwelea yatosha. Kwa kunguru, yategemea kunguru mwenyewe."